Majogoo watatu katika ua mmoja: wapelekwe wapi wasiishie chunguni?

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mwaka jana, likizo ya skuli, niliwanunulia watoto vifaranga vitano wavitunze. Viwili vimetoka kuku wa kike, vitatu vimetoka majogoo, na watoto wamewapa majina: Sultani, Kipanga na Bwana Harusi. Tunakaa Jang'ombe, mjini Unguja, ua wetu mdogo, tumepakana na jirani ukuta mmoja. Wanaanza kuwika saa tisa za usiku. Jirani amevumilia, lakini sasa ana mtoto mchanga na ameniambia kwa ustaarabu kwamba hawezi tena. Juu ya hilo, Sultani anarukia watu, na wiki iliyopita kamchana mguu mwanangu wa miaka mitano. Mume wangu anasema tuwachinje yaishe, watoto wanalia. Nina shangazi Donge, huku huku Unguja, na kaka yangu yuko Konde, Pemba. Niwapeleke wapi, na nitajuaje kama hawataishia chunguni? Na je, hawawezi kuhasiwa kama paka, wakanyamaza?

JIBU: Marahaba mwanangu, na watoto wasalimie. Nitakujibu yote, ila kwanza nikupe kisa changu, maana ndani yake mna jibu la hilo la chunguni.

Miaka minane nyuma mjukuu wangu alikuwa na jogoo mweupe mwenye shungi, akimwita Daktari. Alipoanza kumvamia kila anayebisha hodi, nikamtia kwenye tenga nikampelekea rafiki yangu mmoja wa shamba. "Chukua, nakupa." Akanishukuru sana. Mwezi haujesha nikaalikwa kwake kwenye hitima ya marehemu mzee wake. Pilau lilikuwa zuri, na kwenye sinia letu palikuwa na paja kubwa, gumu kidogo, la jogoo aliyekomaa. Nikalila. Narudi nyumbani, mjukuu ananipokea mlangoni: "Babu, umemuona Daktari? Hajambo?"

Nilitaka kumkasirikia rafiki yangu, sikupata pa kushika. Nilimpa hiba, na aliyepewa hiba anafanya atakalo na mali yake. Akamchinja kwa jambo la kheri, akalisha watu, na mimi nikiwemo. Kosa lilikuwa kwenye ulimi wangu: nilisema "nakupa" badala ya "nakuwekea".

Kwetu ukimpa mtu jogoo umempa kitoweo. Hata akikaa naye mwaka mzima, siku akitokea mgeni wa heshima macho ya mwenye nyumba yataangukia kwa jogoo, kwa sababu kuku wa kike anataga na jogoo hatagi. Si ukatili, ndiyo hesabu ya nyumba. Kwa hivyo usimpe mtu, mfugishe. Watu wa shamba wanalijua jambo hili kwa ng'ombe: unampelekea mwenzako ng'ombe amtunze, ng'ombe anabaki wako, yeye anapata maziwa au ndama kwa mlivyokubaliana. Fanya hivyo hivyo kwa jogoo, na sema mbele ya mtu wa tatu: "Jogoo huyu ni wa mwanangu fulani, nakuwekea amana. Atapanda kuku wako, na vifaranga vyote ni vyako, sitaki hata kimoja. Ukimchoka usimchinje wala usimuuze, nipigie simu nije nimchukue." Mtu yule yule aliyekula zawadi yako bila ya wasiwasi, amana itamnyima usingizi. Lakini amana inakubana na wewe pia: akikupigia simu baada ya miezi minne, uende kweli. Ukianza kumzungusha, basi umemruhusu.

Sasa hilo la kuwika. Jirani yako amekawia kukwambia, na nadhani najua kwa nini. Ziko riwaya mbili zinazojulikana: moja kwamba ukisikia jogoo anawika umuombe Mwenyezi Mungu katika fadhila zake, kwa kuwa jogoo ameona malaika, na nyengine, aliyoipokea Abu Daud, kwamba jogoo asitukanwe kwa sababu anaamsha watu kwa sala. Muislamu anaona haya kumlalamikia kiumbe wa namna hiyo. Ila saa tisa za usiku alfajiri bado, na haki ya jirani nayo mumo katika dini hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla hujatafuta tenga, mpelekee jirani sahani ya kitu, umwambie unalishughulikia na umpe muda, tuseme wiki mbili. Jirani anayejua mwisho wa jambo hulala usingizi mzuri zaidi hata kabla kelele hazijakwisha.

Kwa nini saa tisa? Jogoo hangoji mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika usiku wala mchana, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba waliendelea kuwika kwa mzunguko wa chini kidogo ya saa 24. Ndani ya mwili wa jogoo mna saa, nayo humuamsha kabla ya kucha. Ndiyo maana kuwafunika kwa gunia hakukusaidii, na humu mwetu kunaweza kuwaua, kwa sababu kuku hatoi jasho. Anapumulia mdomo wazi kutoa joto, na kwenye boksi lililozibwa hupati ila maiti asubuhi. Mwaka 2015 watafiti hao hao walionesha jambo jengine linalokuhusu zaidi: kwenye kundi, jogoo mkubwa wa daraja huanza kuwika, wengine hufuata kwa zamu kufuatana na vyeo vyao. Mkubwa akiondolewa, wa pili ndiye anayefungua. Usidhani basi kwamba ukimuondoa Sultani umepata kimya. Utampandisha cheo Kipanga.

Kuhasi hapana. Korodani za jogoo hazining'inii nje. Ziko ndani kabisa, mgongoni, karibu na figo, na kuzitoa ni kumpasua mbavuni. Mtu asiyejua kazi humuua mikononi. Zipo pia kola za kumbana shingo asiweze kujaza pumzi ya kuwikia. Mimi sizipendi; ikilegea haina kazi, ikikaza inamkaba.

Je, ubakishe mmoja? Najua watoto watakuomba hivyo, na mimi nasema usibakishe. Jogoo mmoja anatosha kuku wanane hadi kumi. Wewe unao wawili, na wawili hao wakiachiwa jogoo mmoja tu atawapanda mpaka wapukutike manyoya ya mgongo, seuze watatu. Mayai hutayakosa: kuku anataga bila ya jogoo. Nimeshabishana na watu wazima juu ya hili, mmoja wao mwalimu, na bado hakuniamini mpaka nilipomuonesha banda langu. Jogoo anahitajika kwa kifaranga, si kwa yai.

Turudi kwenye kutafuta. Usiende kwa watu ukauliza "nani anataka jogoo?" Kila mtu anataka jogoo, hasa Ijumaa. Uliza hivi: "Nani kuku wake wanaatamia na mayai yanaviza?" Swali hilo linakupeleka moja kwa moja kwenye nyumba yenye kuku na isiyo na jogoo, au yenye jogoo mzee aliyekwisha nguvu. Mayai kumi na mbili yakiatamiwa siku 21 yakatoka mawili, mwenye nyumba anaumia, na anayemletea jogoo kijana anapokewa kama mkwe.

Nyumba ya pili ya kuitafuta ni ile ambayo kuku wote ni damu moja. Shamba hili limejaa: jogoo mmoja amekaa miaka mitatu, amewapanda mabinti zake na wajukuu zake, na sasa vifaranga vinatoka dhaifu, vingine vidole vimepinda. Maofisa mifugo tunawaambia watu kila siku wabadilishane majogoo baina ya vijiji, wanatikisa kichwa, hawabadilishi. Jogoo wako wa Jang'ombe kwa Donge ni damu mpya. Hapo hata neno la kumbembeleza mtu hulihitaji. Wewe ndiye unayemsaidia. Huenda atakwambia umchukue jogoo wake mzee kwa kubadilishana. Usikubali, mwanangu, utarudi Jang'ombe na tatizo lile lile lenye jina jengine.

Ya tatu ni nyumba iliyopigwa na kideri, yale maradhi yanayomaliza kuku, ikabakiwa na kuku watatu wanne. Hawa wanaanza upya na mara nyingi jogoo ndiye anayekosekana. Ila hapo usikimbilie. Acha miezi miwili mitatu ipite, banda lisafishwe, waliobaki wachanjwe.

Kazi hii mtume shangazi. Mwambie aulize kwa wanawake wenzake, maana kuku wa shamba ni mali ya mwanamke mara nyingi na yeye ndiye anayejua yai gani limeviza. Muulize pia ofisa mifugo wa eneo hilo; huyo anajua nyumba zinazochanja, nazo ndizo unazozitaka.

Wa kuwaepuka nao wapo. Sokoni usipeleke, iwe Darajani au Mwanakwerekwe: anayenunua jogoo sokoni ananunua mchuzi, na ana haki yake. Hoteli za pwani, hata kama una jamaa anafanya kazi Paje au Nungwi, waache. Mgeni kalipia kulala mpaka saa tatu, na jogoo hatamaliza wiki. Mtu asiyeuliza umri wala chanjo, ila anauliza rangi tu, mweusi mtupu au mwekundu mtupu, wewe mwenyewe unajua anampeleka wapi. Na vijana wanaoulizia jogoo mkali, mrefu, wa kupigana, usiwape hata Sultani. Waangalie wako vizuri: mwenye shingo ndefu, kifua kilichosimama wima na upanga mdogo uliolala kichwani, huenda ana damu ya kuchi, na kuchi ndiye anayetafutwa kwa mapigano. Kumchochea mnyama apigane na mwenziwe ni dhuluma, hata kama barazani wanaita mchezo.

Angalia na majira. Karibu na Ramadhani watu wanavunja jungu, kisha inakuja Idi na arusi zake. Amana au si amana, jogoo asihamie nyumba mpya katika wiki hizo. Bado hajazoeleka, hana vifaranga vya kumtetea. Akishaonekana baba wa vifaranga kumi uani, maisha yake yamepata mdhamini.

Sasa Sultani. Huyu nataka tuzungumze kwa uwazi. Jogoo akifika ubaleghe huanza kumuona mtu kama mshindani, hasa mtoto, kwa sababu mtoto ana kimo kidogo na hukimbia, na anayekimbia huyo ameshindwa. Wengine hutulia wakipata kundi kubwa la kuwashughulisha. Wengine hawatulii. Kuanzia leo mtoto wako wa miaka mitano asiingie uani peke yake, maana jogoo huruka kwa miiba ya miguuni na jicho la mtoto liko kimo kile kile. Ncha za miiba hiyo unaweza kuzipunguza kwa tupa, taratibu, ncha tu, ndani mna damu.

Utakapomtafutia mahali, mwambie anayempokea kila kitu. Usifiche hata kidogo, na usimpeleke kwenye nyumba yenye watoto wadogo au mtu mzima anayetembelea mkongojo. Panapomfaa ni shamba lenye mlinzi au mkulima peke yake. Na kama unapata mtu wa namna hiyo mwenye nafasi, wazo jengine ni kuwapeleka wote watatu pamoja. Majogoo waliolelewa pamoja tangu vifaranga mara nyingi hukaa bila ya kuuana, sharti pasiwe na kuku wa kike hata mmoja wa kugombewa, na kuwe na pa kukimbilia. Watakula mchwa na wadudu chini ya minazi, watapata chicha la nazi jioni, na akipita mgeni usiku watamjulisha mlinzi kabla ya mbwa. Walaze ndani tu, maana ngawa na fungo hawajui amana.

Akikosekana mtu kabisa wa kumchukua Sultani, mchinjeni. Nasema hivi na najua watoto watasoma au watasomewa. Jogoo anayemuumiza mtoto, aliyefungiwa kwenye tenga miezi, haishi maisha ya jogoo. Huko Marekani, ambako miji mingi inaruhusu kuku wa kike majumbani na kukataza majogoo, watu wamefungua mahali maalumu pa kuwalea majogoo waliokataliwa, na hata huko nafasi hujaa haraka. Chinjeni kwa kisu kikali, watoto wasilazimishwe kutazama wala kula, na muwaambie ukweli. Usiwaambie "kaenda shamba". Siku watakapojua, na watajua, hawataamini tena habari za Kipanga na Bwana Harusi ambao kweli wako shamba.

Kuhusu Konde, kaka yako mimi namuacha wa mwisho. Si kwa ubaya wa Pemba. Pemba wanafuga vizuri. Lakini kupeleka kuku kisiwa kwa kisiwa ni kupeleka na maradhi yake, kwa hiyo lazima upite kwanza ofisi ya mifugo, kuku aonekane, upate karatasi yako mkononi kabla hujakata tiketi ya boti. Kisha kuna mwendo, joto la sehemu ya mizigo, na gari tena kutoka bandarini hadi Konde. Na jambo la amana, kama nilivyosema, linataka uweze kwenda kumchukua. Donge unakwenda na kurudi siku moja. Watoto pia wanaweza kwenda kumtembelea jogoo wao Jumapili, na jogoo anayetembelewa na mwenyewe hachinjwi ovyo.

Kabla hawajatoka kwako wachanje kideri, wengine wanaita mdondo. Chanjo ya I-2, ile inayotengenezwa Kibaha, ni tone moja tu jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hivyo zungumza na wenzako wa mtaani wenye kuku mchangiane. Ngoja wiki mbili baada ya tone ndipo usafiri, kinga iwe imeshika. Ndizo hizo wiki mbili nilizokwambia umuombe jirani. Muda huo watazame: anayehara kijani, anayehema kwa shida au kupinda shingo, haendi popote. Mpekue chini ya mbawa na karibu na mkia kama ana utitiri. Huko anakokwenda naye atengwe wiki tatu, banda lake na chombo chake cha maji, kabla ya kuchanganywa. Wenyeji wengi wataona unawaringia. Waeleze kwamba unalinda kuku wao, maana ni kweli.

Siku ya safari msiwafunge miguu na kuwaning'iniza kichwa chini kama tunavyoona kwenye baiskeli. Kila mmoja na tenga lake au boksi lenye matundu, ondokeni baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijapanda, na mchukue kibaba cha chakula alichokizoea. Karantini ikimalizika, aingizwe bandani baada ya magharibi kuku wenziwe wakiwa wameshapanda kulala. Asubuhi wanaamka naye. Kutakuwa na vurugu za siku mbili tatu na huyo jogoo wa zamani kama yupo. Ikiwa damu inatoka, watenganishwe.

Anza na Bwana Harusi, maana kwa jinsi unavyowaeleza yeye hana kesi. Akipata mahali pazuri, huyo atakuwa sifa ya wenziwe, na shangazi atakuwa na la kusimulia anapoulizia nyumba ya Kipanga.

Kwa hao kuku wawili wanaobaki, okota mayai kila siku, wala usiwaache wakaatamia yale ya wiki hizi za mwisho kabla majogoo hawajaondoka, maana bado yana mbegu hata wiki mbili baadaye. Katika vifaranga kumi tarajia vitano vya kiume, na muuzaji akikwambia "hawa wote wa kike" huku wana siku tatu, anakutakia mema tu. Ukitaka kuongeza, nunua mitetea waliokwisha kukua wa miezi minne mitano, hapo hata mtoto anajua nani pora na nani mtetea: pora ameshaota upanga mwekundu na manyoya marefu yenye ncha kiunoni.

Mjukuu wangu, yule mwenye Daktari, sasa yuko kidato cha tatu. Nikirudi kutoka hitima hanisalimii kwanza. Ananiuliza nimekula nini.